Waliochimba Kabla Yetu

Reli ilifika Kasese mwaka 1956 ikifuata shaba ya Kilembe, na tangu hapo mji umejulikana kuwa mji wa wachimbaji. Shaba ilishushwa kutoka Rwenzori, ikapakiwa kwenye mabehewa, ikapelekwa Jinja kuyeyushwa. Mwulize mzee wa Kasese habari za kuchimba, naye atakutajia Kilembe: mapango, taa za kichwani, zamu za usiku. Lakini chini ya milima hiyo, katika nchi inayoshuka kutoka Bwera na Mpondwe hadi Katwe na Ziwa George, kuna uchimbaji mwingine usio na daftari la mishahara, nao ulianza mamilioni ya miaka kabla ya reli. Wachimbaji wake ni mabuu, kaa, mchwa, nyungunyungu na samaki. Matundu yao, ambayo mengi hayazidi unene wa kidole, yana sauti kubwa katika kuamua maji yapite wapi ndani ya ardhi na mafuta yakwame wapi. Historia ya jinsi watu walivyolitambua hilo ina ubishi mwingi, na sehemu yake nzuri imepita hapahapa, kati ya mpaka wa Kongo na ikweta.

Inabidi tuanzie mbali kidogo, katika mji wa Dijon, Ufaransa. Mhandisi Henry Darcy alikuwa amewaletea watu wa mji huo maji safi, na mwaka 1856 akachapisha kitabu kinene kuhusu kazi hiyo. Kwenye kiambatisho, mahali ambapo wasomaji wengi hawafiki, aliandika majaribio ya kupitisha maji katika nguzo ya chuma iliyojazwa mchanga. Aliona kwamba kiasi cha maji kinachopita hutegemea tofauti ya msukumo kati ya juu na chini, urefu wa safari, na tabia ya mchanga wenyewe. Tabia hiyo leo huitwa upenyezaji, na kipimo chake kina jina la Darcy. Kila kampuni ya mafuta na kila mchimba kisima duniani hutumia hesabu ile ya kiambatisho.

Hesabu hiyo haina dosari pale mchanga unapokuwa sawa kila mahali, na mchanga wa namna hiyo hupatikana ndani ya nguzo za chuma kuliko ardhini. Kabla ya Darcy, daktari Jean Poiseuille, aliyekuwa akichunguza mwendo wa damu katika mishipa myembamba, alikuwa amegundua jambo ambalo wanajiolojia walichelewa sana kulizingatia. Mrija ukiongezwa upana mara mbili, kinachopita huongezeka mara 16. Ukiongezwa mara kumi, huongezeka mara 10,000. Sasa chukua mwamba wa tope lililoshikamana, ambao nafasi kati ya chembe zake hazionekani kwa macho, kisha upitishe ndani yake tundu moja la mnyama lenye upana wa kalamu. Tundu hilo likiwa wazi, hubeba maji kuliko mwamba mzima unaolizunguka. Likijaa mchanga safi, mwendo hupungua, lakini bado hulipita tope kwa mbali sana. Na likijaa tope ndani ya mwamba wa mchanga, basi mambo hupinduka, tundu likawa kizibo.

Wanajiolojia wa karne ya 19 hawakuwa na habari hiyo kwa sababu hawakujua kwamba matundu ni matundu. Waliyaona mawe yenye michirizi na matawi, wakasema ni mwani wa baharini uliogeuka jiwe. Mwaka 1828 Adolphe Brongniart wa Paris aliyapanga pamoja na mimea, na kwa zaidi ya nusu karne makabati ya makumbusho ya Ulaya yakajaa mwani ambao haukuwahi kuota popote. Aliyeharibu sherehe ni Msweden Alfred Nathorst. Aliwaacha minyoo na wanyama wengine wadogo watambae juu ya tope laini, akalinganisha alama zao na mawe yale, na mwaka 1881 akatangaza kwamba sehemu kubwa ya mwani huo ni nyayo na mapito ya wanyama. Wenye mwani wao walikasirika, wakabishana naye miaka mingi.

Mwaka huohuo wa 1881 Charles Darwin, akiwa na umri wa miaka 72, alitoa kitabu chake cha mwisho. Watu walitarajia jambo kubwa kuhusu asili ya viumbe, yeye akawapa nyungunyungu. Alikuwa amewachunguza kwa muda mrefu bustanini kwake, akakadiria kwamba katika sehemu nyingi za Uingereza hupitisha tumboni mwao zaidi ya tani kumi za udongo kwa kila ekari kila mwaka na kuupandisha juu. Kwangu mimi kitabu hicho kina maana kubwa kuliko kinavyosifiwa, kwa sababu ndicho kilichowazoesha wasomi kuwaona wanyama wadogo kuwa nguvu ya kijiolojia, sawa na mto au upepo.

Karne ya 20 ikaleta utaratibu. Rudolf Richter alifungua kituo cha utafiti Wilhelmshaven, kwenye Bahari ya Kaskazini, Ujerumani, mwaka 1928, ambako watu walikaa topeni maji yakipwa na kutazama nani anachimba nini. Baadaye Adolf Seilacher, Mjerumani mwingine, akaonyesha kwamba aina za matundu hujipanga kufuatana na mazingira: ya ufukweni wima, ya kina kirefu yamelala na kuzunguka. Msomaji wa pwani yetu ana faida katika hili. Aliyewahi kutembea Gazi au Chwaka maji yakiwa yamekupwa amekwisha kuliona darasa la Richter bila kulipa nauli: vilima vidogo vya mchanga, matundu ya kaa, na chini yake mashimo yenye matawi ya kamba wachimbaji, ambao mtu huwaona kwa nadra lakini hukanyaga paa za nyumba zao kila hatua.

Bahari ikishuka na tope likakauka kiasi cha kushika umbo, kamba hao huchimba vichuguu imara. Bahari ikirudi na mchanga, mchanga huingia ndani ya vichuguu na kuvijaza. Kisha vyote huzikwa. Mamilioni ya miaka baadaye unapata mwamba mgumu usiopitisha kitu, umetobolewa na mabomba ya mchanga yanayopitisha kila kitu. Ndivyo ilivyo katika sehemu ya Ghawar, uwanja mkubwa wa mafuta wa Saudia uliogunduliwa mwaka 1948. Wahandisi walishangazwa na tabaka jembamba lililomimina mafuta kupita hesabu zote. Mwaka 2005 George Pemberton na Murray Gingras wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, waliandika makala iliyoeleza kisa hicho pamoja na vingine: tabaka hilo limejaa matundu ya wanyama wa jamii ya kamba wa enzi ya Jura. Miaka minne baadaye Kevin Cunningham na wenzake walieleza kwamba maji yanayonywewa Miami yanapita kwa wingi katika mawe ya chokaa yaliyotobolewa na wanyama wa jamii hiyo. Mji mzima unakunywa kupitia nyumba za kamba waliokufa zamani.

Hayo ni ya baharini. Kasese haina bahari, na hapo ndipo historia yake inapochukua njia yake yenyewe.

Bonde la Ufa la magharibi ni mfululizo wa maziwa yaliyojaa mashapo. Mito imeshusha mchanga na tope kutoka pande zote mbili kwa mamilioni ya miaka, bonde likazidi kudidimia, na matabaka yakarundikana kwa unene wa kilomita kadhaa. Mtu wa kwanza kuyasoma matabaka hayo kwa makini upande wa Uganda alikuwa E. J. Wayland, aliyefika mwaka 1919 na kuanzisha idara ya jiolojia ya Entebbe. Wayland alitembea kwa miguu kandokando ya Ziwa Albert na kaskazini ya Rwenzori, akiandika kila mahali mafuta yalipochuruzika kutoka ardhini. Huko Kibuku, chini ya Rwenzori upande wa Semliki, yanatoka kwenye mawe ya mchanga. Huko Kibiro, Bunyoro, yanatoka karibu na chemchemi za moto ambako wanawake huvuna chumvi kutoka udongoni. Mwaka 1925 alichapisha kitabu kuhusu mafuta ya Uganda, na mwaka 1938 kisima cha kwanza kilichimbwa Butiaba, kikashuka zaidi ya mita 1,200. Kilikuta dalili tu. Kisha ikaja vita, na Uganda ikasahau mafuta kwa karibu nusu karne.

Wayland alijua kwamba mafuta yanatembea ndani ya mwamba. Yanachuruzika Kibuku kwa sababu yamepata njia. Swali ambalo hakuwa na vifaa vya kulijibu ni yametoka wapi, na jibu lake liko kwenye maziwa mawili ya Kasese, moja la kina kifupi na jingine la kina kirefu.

La kina kifupi ni Ziwa George. Mwaka 1966 wanasayansi waliotumwa na Royal Society ya London, chini ya Mpango wa Kimataifa wa Biolojia, walipiga kambi Kasenyi, kijiji cha wavuvi ufukweni mwa ziwa hilo, wakabaki hadi 1972. Ziwa George lina takribani kilomita za mraba 250, na kina chake cha wastani ni mita 2.4 tu. Ikweta inalikata. Maji yake ni ya kijani mwaka mzima kwa wingi wa vijimea visivyoonekana, na ngege hunenepa kwa kuvila. Chini ya maji kuna tope laini kama uji, hata ni vigumu kusema maji yanaishia wapi na tope linaanzia wapi.

Kila mmoja wa watafiti hao alishika upande wake. George Ganf na A. B. Viner walieleza jinsi ziwa linavyojipanga katika matabaka ya joto mchana na kuchanganyika usiku, siku baada ya siku. Viner akashuka zaidi, akachunguza tope lenyewe na maji yaliyonaswa ndani yake. Johanna Darlington alihesabu wanyama wa topeni. McGowan alifuatilia mabuu ya wadudu wafananao na mbu wasiouma, ambayo hujificha topeni mchana na kupanda usiku kuwinda. Waliokuwa Kasenyi miaka hiyo waliyaona makundi ya wadudu hao wakitoka ziwani kama wanavyoonekana leo, mawingu meusi juu ya maji, ingawa sehemu kubwa ya maisha yao huishia chini, kwenye tope.

Kuna mabuu ya jamii nyingine, mekundu kwa damu inayoshika oksijeni, ambayo hujenga mirija ya tope na nyuzi. Buu hukaa ndani, hutikisa mwili, na maji ya ziwa huingia upande mmoja wa mrija na kutoka upande wa pili. Kwa kufanya hivyo hupeleka oksijeni sentimita kadhaa ndani ya tope ambalo bila yeye lingekuwa halina hewa kabisa, na hurudisha juu chumvichumvi zilizoyeyuka humo. Mita moja ya mraba ya tope yenye mamia ya mabuu hao haipitishi maji kwa kiasi kile ambacho hesabu ya Darcy ingetabiri kwa kupima chembe za tope peke yake.

Hata hivyo katika Ziwa George mchimbaji mdogo ana wapinzani. Katikati ya ziwa tope ni laini mno kwa mtu wa kujenga nyumba, na wakaaji wake walikuwa wachache kuliko mtu angetarajia katika ziwa lenye chakula kingi kiasi hicho. Upepo wa alasiri hutibua tope la juu. Viboko hutibua la kandokando, na kiboko mmoja akipita hufuta kazi ya mabuu elfu. Kamongo hujichimbia kwenye matope ya kandokando. Tope la namna hii likizikwa na kugeuka mwamba, litakuwa mwamba uliochanganywa sawasawa, usio na matabaka, mgumu kupitisha kitu. Mwamba wa namna hiyo hufaa kuwa kifuniko juu ya mafuta ya wengine, huku wenyewe ukizaa mafuta kidogo, kwani vijimea vilivyozama vimeliwa au vimeozeshwa na oksijeni kabla havijazikwa.

Fuata sasa Mfereji wa Kazinga kwa zaidi ya kilomita 30. Kingo zake ni mashapo laini ya ziwa la kale, na ukipanda boti kutoka Mweya utayaona matundu ya midiria yaliyochimbwa safu kwa safu kwenye ukuta wa mchanga. Nao ni wachimbaji, na huchagua tabaka kwa umahiri ambao mwanajiolojia huujua baada ya miaka minne ya chuo. Mfereji unaishia Ziwa Edward.

Ziwa Edward lina kilomita za mraba zipatazo 2,325, sehemu yake kubwa ikiwa Kongo. Upande wa Uganda ni wa kina kifupi; upande wa magharibi, chini ya ukuta wa milima ya Kongo, linazama zaidi ya mita 110. Huko chini maji hukaa muda mrefu bila kuchanganyika na ya juu, na oksijeni huisha. Pasipo oksijeni hapana buu, hapana nyungunyungu wa majini, hapana samaki wa topeni. Kila kinachozama hukaa kilipoangukia. Watafiti waliozamisha mabomba katika sakafu ya ziwa miaka ya 1990 walitoa tope lenye matabaka membamba yasiyovurugwa, wakasoma humo mvua na ukame wa maelfu ya miaka ya Afrika ya kati. Waliweza kusoma kwa sababu hapakuwa na mnyama wa kuchanganya kurasa.

Jibu la swali la Wayland liko katika tope la aina hii. Vijimea na majani yanayozikwa bila kuliwa, yakishinikizwa na kupashwa moto kwa kina cha kilomita kadhaa, hugeuka mafuta. Mafuta ya Ziwa Albert yana nta nyingi, alama mojawapo ya mafuta yaliyozaliwa katika ziwa, na ndiyo sababu bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, limepangwa kupashwa joto njia nzima ili yasigande. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo ambalo simulizi za mafuta ya Uganda husahau kulitaja. Wanasifiwa wenye mitambo, lakini utajiri ule unatokana na maeneo ambayo hayakuwa na mchimbaji hata mmoja, kisha ukahamia maeneo ambayo walikuwapo au mchanga ulikuwa safi wa kutosha kuupokea.

Mafanikio yalikuja mwaka 2006, kisima cha Mputa karibu na Kaiso kilipokuta mafuta ya kibiashara. Vikafuata vingine, na waliovipa majina walipenda wanyama: Kingfisher ni mdiria, Ngiri ni yuleyule ngiri mwenye kulala ndani ya shimo. Sijui kama walitambua kwamba walikuwa wakiyaita mafuta kwa majina ya wachimbaji. Takwimu za serikali zilizotajwa kwa miaka mingi zilisema ardhini mna mapipa bilioni 6.5, na yanayoweza kutolewa ni kama bilioni 1.4. Tofauti kati ya namba hizo mbili inaeleza mengi kuliko namba zenyewe. Mapipa mengine yote hubaki yamekwama kati ya chembe, nyuma ya utando wa tope, katika kona ambazo maji ya kusukuma hayafiki. Wahandisi wanapozikata nguzo za mwamba zilizotolewa kisimani na kutafuta alama za matundu, wanatafuta njia ya kuyafikia mapipa hayo. Tundu lililojaa mchanga huunganisha tabaka na tabaka. Tope lililokorogwa ndani ya mchanga hukata njia. Ndani ya mita moja unaweza kukuta yote mawili.

Upande wa Ziwa Edward bahati haikuja. Kampuni ya Dominion ilichimba kisima cha Ngaji mwaka 2010 karibu na ziwa, kusini mwa Kasese, kikawa kikavu. Upande wa Kongo, kampuni ya SOCO ilipima sakafu ya ziwa kwa mawimbi mwaka 2014 ndani ya Hifadhi ya Virunga, ikaondoka baada ya kelele za dunia nzima. Hifadhi zilipumua.

Bwera yenyewe iko juu kidogo ya hayo yote, kwenye miteremko, na mchimbaji wake mkuu ni mchwa. Mvua zikianza, watu hukesha kukusanya kumbikumbi, na sokoni Mpondwe huuzwa kwa wanunuzi wa pande zote mbili za daraja la Lhubiriha. Miaka ya 1970 Derek Pomeroy wa Makerere alizunguka Uganda akihesabu vichuguu vikubwa na kupima udongo wake. Mchwa wa vichuguu hivyo hushuka chini sana kutafuta tope na maji, hupandisha chembe laini, huacha kokoto. Njia zao za chakula, zilizo wazi, hunywesha ardhi mvua ambayo vinginevyo ingetiririka juu na kubeba shamba la kahawa. Kichuguu chenyewe, kilichosiribwa kwa tope na mate, humwaga mvua pembeni. Mnyama mmoja, basi, anafungua na kuziba ndani ya hatua kumi.

Kazi hiyo ni ya kale. Katika bonde la Rukwa, Tanzania, lililo katika tawi hilihili la Bonde la Ufa, Eric Roberts na wenzake walieleza mwaka 2016 viota vya mchwa vilivyogeuka mwamba, vyenye mabaki ya bustani za uyoga ndani yake, vya miaka milioni 25. Mchwa wa Rukwa walikuwa wakilima kabla bonde halijapata umbo lake la leo.

Ng'ambo ya Mpondwe, si mbali, Mto Semliki unatoka Ziwa Edward pale Ishango. Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimba hapo, akapata mfupa wenye safu za mikato ambao wanahisabati bado wanaubishania, pamoja na vichwa vya chusa vya mfupa. De Heinzelin alikuwa mwanajiolojia, na mchwa walimsumbua. Mwaka 1955 aliandika kwamba tabaka za kokoto zinazoonekana chini ya udongo laini wa nchi za joto zinaweza kuwa kazi ya mchwa, wanaopandisha chembe laini na kuacha mawe yazame taratibu. Jambo hilo si la udongo tu. Mwaka 1977 Daniel Cahen na Jan Moeyersons waliunganisha vipande vya mawe vilivyochongwa huko Gombe, Kinshasa, wakakuta vipande vya jiwe moja vimetawanyika katika vina vilivyotofautiana hadi kama mita moja. Kitu kimeshuka, na kilichoshusha kina miguu sita au hakina kabisa. Kwa hiyo Alison Brooks na John Yellen walipotangaza mwaka 1995 kwamba chusa za Katanda, kilomita chache kutoka Ishango, zina umri wa takribani miaka 90,000, waliotilia shaka waliuliza kwanza kama zilizaliwa pale zilipokutwa. Swali ni lilelile la mafuta, ila hapa linalosafiri ndani ya mashapo ni mifupa.

Katwe ni mahali ambapo watu wenyewe wamechukua kazi ya mabuu, kwa mwelekeo wa kinyume. Ziwa la volkano la Katwe ni chungu mno kwa mchimbaji yeyote mwenye miguu. Wachimba chumvi hutenga viwanja vyao kwa kuta za tope na vijiti ili maji ya chumvi yasivuje, wakiyaacha yakauke juani. Tope linaloziba ndilo mtaji. Kiwanda cha Kijerumani kilichojengwa hapo baadaye kilitegemea mabomba ya chuma, na chumvi ikayala mabomba. Kuta za tope bado zinafanya kazi.

Turudi Kilembe, maana mgodi huo uliingia katika historia hii kwa mlango wa nyuma. Ulipofungwa mwaka 1982 uliacha Kasese rundo la pairiti yenye kobalti, zaidi ya tani milioni moja, kando ya Hifadhi ya Malkia Elizabeth. Mvua ilipenya ndani ya rundo, ikatoka ikiwa asidi, ikakausha nyasi za hifadhi kuelekea ziwani. Kuanzia 1999 Kampuni ya Kobalti ya Kasese iliingiza rundo hilo kwenye matangi, ikaliachia bakteria wanaokula pairiti, na kobalti ikatoka. Mwaka 2013 rundo liliisha na kiwanda kikafungwa. Mwaka huohuo, tarehe 1 Mei, Mto Nyamwamba ulifurika na kuvunja Kilembe. Ulirudia Mei 2020, ukabeba hospitali. Makapi ya mgodi yaliyorundikwa kando ya mto husafiri na kila furiko.

Mwisho wa safari ni Ziwa George, lililo ndani ya Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhioevu tangu 1988. Patrick Denny na wenzake walichapisha mwaka 1995 vipimo vya metali katika ziwa na mabwawa yake. Shaba hushika chembe za tope na kuzama nazo. Ikibaki mahali pasipo hewa, hufungwa na salfa na kutulia. Buu likileta oksijeni, kifungo hulegea na shaba huweza kurudi majini; lakini oksijeni hiyohiyo huzalisha kutu ya chuma kwenye kuta za mrija, na kutu hunasa shaba upya. Ipi itashinda hutegemea ni mabuu wa aina gani, wangapi, na kwa kina gani. Tope lenye shaba ileile huachia kiasi tofauti pale penye mirija mingi na pale viboko walipolitibua jana, na kaskazini mwa ziwa, kwenye mafunjo ambako Nyamwamba na Mubuku huingia, hali hizo hukaa jirani. Kupima shaba bila kuhesabu mabuu kutampa mpimaji namba sahihi ya kitu ambacho bado hajakijua kitaelekea wapi.